Mlango wa Nyuma Ulikuwa Wazi

Dorca uko? Ndio natoka polisi. Nimemchapa shemeji Frankline na mwiko 😤

Nilikuwa nasonga ugali. Akaingia na panga, hata hodi hakuna. Ati boma ni ya Absalom ndugu yake, na sasa Absalom amekufa, mimi nirudi kwetu Kendu Bay leo leo. Akainua panga. Nikamgonga mkono, panga ikaanguka.

Sasa sikia afisa: "Mama, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mbona hukutoroka?"

Mbona hukutoroka! Mimi! Kwa nyumba yangu! Ati ningekimbia kwanza, ndio niseme nilijitetea.

Na Frankline analilia mwiko tu, ati mwanaume akipigwa na mwiko anapata chira, laana ya ukoo. Panga yake hataji!

Nikamwambia afisa, "Huo mlango unatokea kwa kaburi ya mume wangu. Ningekimbia, ningerudi nipate huyu amebadilisha kufuli."

Akaniambia nirudi nyumbani.

Mwiko wamebaki nayo, ati ni ushahidi. Niletee yako jioni. Ugali ya leo nitaipika hapa hapa, na mlango wa nyuma utakaa wazi.