Kutoka Guangzhou Hadi Songwe

Jumatano, 16 Julai 2014

Amoni amekata tiketi! Guangzhou–Dubai–Dar, halafu Dar–Songwe. Nimeingia intaneti kafe kutafuta: Guangzhou hadi Dar ni kama kilomita 8,700 kwa mstari ulionyooka. Miaka mitatu huyu mtu yuko masomoni na sikuwahi kujua yuko mbali kiasi gani. Angani jumla hadi Dar saa kumi na tatu na nusu tu. Malori ya shaba hapa mpakani Tunduma yanakaa siku nne kungoja geti.

Mwaka jana aliniuliza kwa simu kama nitakubali anioe. Nikamwambia jibu hilo silitoi kwa simu. Nitampa uso kwa uso. Basi Jumamosi ndiyo siku.

Alhamisi, 17 Julai

Mama Elina, mama yake Amoni, kapiga kutoka Igamba. Ukoo mzima unakwenda uwanja wa ndege wa Songwe na basi la Coaster. Wakishamtia mkononi ni Igamba moja kwa moja — ibada, mashangazi, ng'ombe wa kuchinjwa. Na likizo yenyewe siku tisa!

"Wahi, mwanangu," kasema. "Mimi nikishampakia simshushi." Alikuwa anacheka, lakini namjua.

Ijumaa, 18 Julai

Hesabu zote tayari. China wametutangulia saa tano, Dubai saa moja. Ameruka saa saba mchana ya kwao, saa mbili asubuhi ya kwetu. Saa nane hadi Dubai, tano za kusubiri, tano na nusu hadi Dar, halafu asubuhi ndege ya Songwe. Kesho saa nne kamili asubuhi anatua Songwe. Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile. Najisikia profesa.

Gauni limepigwa pasi. Alamu nimetega saa kumi na mbili. Wiliam, jirani yangu mwenye gari la Noah, kasema nikiamka tu nimpigie.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika ndani ya gari, mwandiko unaruka. Alamu imelia saa kumi na mbili — ya Zambia. Usiku simu ilidaka mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, saa ikajirudisha nyuma yenyewe. Kwetu ilishakuwa saa moja! Redio ndiyo iliyoniumbua. Nimezaliwa Tunduma mimi. China nimeipatia, Dubai nimeipatia, Nakonde ninayoiona kutoka dirisha la jikoni imenipiga chenga.

"Umehesabu mpaka Uchina, dada," kasema Wiliam, "ukawasahau majirani." Kacheka mpaka tukafika Mpemba. Pale malori yametukalisha dakika arobaini, nikacheka na mimi, ningefanyaje.

Mlowo tumeiacha nyuma. Ndege ile pale, inashuka mbele yetu. Mama Elina katuma meseji: Coaster imeshageuzwa, inatazama Igamba. Wakiondoka kabla sijafika, tutapishana nao barabarani, mimi nibaki kupunga mkono tu.

Zimebaki kilomita kumi na mbili. Simu inaita. Ni Amoni, namba aliyonunua Dar alfajiri. Wiliam kazima redio, ananitazama kwenye kioo.

Nilisema jibu silitoi kwa simu, lakini leo nalitoa. Napokea —