Dada, Umekula?

Mwanza, Jumapili baada ya misa

Damasi mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia mwaka wa pili huu, lakini mimi mkubwa naitikia hivyo hivyo, tusonge mbele. Hujambo? Mgongo je? Wifi hajambo na kikohozi chake cha baridi? Hapo Matogoro ukungu umeshaanza kushuka mpaka mlangoni? Mimi mzima, ila goti la kushoto limenuna kama wewe.

Anayeandika ni mjukuu wangu Neema, maana kalamu na mimi hatujuani. Simu nimeikataa. Kwenye simu tungegombana hata salamu hazijaisha.

Sasa sikiliza. Juzi Neema kaniwekea sinema kwenye televisheni. Ni ya kaka na dada, watu wazima wenye mvi, hawajaonana tangu baba yao afe. Mwanzoni nililalamika: "Sinema gani hii? Hakuna anayepigana, hakuna anayelia, mtu anachambua maharage tu!"

"Bibi, tulia. Angalia mikono yake."

Nikaangalia. Kaka anapiga hodi. Dada anaisikia ile sauti, anaijua. Haitikii. Kabaki ameshika punje moja ya maharage, haitupi, hairudishi kwenye ungo. Uso wake haukusogea hata kidogo, Damasi, lakini ile punje ilikuwa inatetemeka. Kaka naye kasimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama miguu yake kama mtoto aliyevunja chungu. Mwisho dada akasema neno moja tu: "Umekula?"

Mimi nikapiga kelele, "Kaa chini we mwanaume, unangoja nini!" Nililia mpaka kanga ikalowa. Nikamwambia Neema, hawa ndugu Mungu awabariki, wamepatana.

Akacheka. "Bibi, wale si ndugu. Ni waigizaji, wamekutana kazini."

Nilikasirika, sikufichi. Watu wasio na ukoo mmoja wanashika punje ya maharage mpaka mimi namwona mama yetu jikoni, halafu mimi na wewe tulionyonya ziwa moja tumeshindwa?

Basi niseme lililonikaa kooni. Siku ile ya msiba basi nililopanda liliharibika njiani, nikafika mama amezikwa jana yake. Sikutupa udongo, mimi mtoto wake wa kwanza. Nikakutukana mbele ya waombolezaji, nikasema umemfukia mama kama mtu asiye na wenyewe. Ukanijibu, "Dada, maiti haingoji basi." Nikabeba kikapu changu nikaondoka hata matanga hayajaanuliwa.

Ulisema kweli. Mwili wa mama ulikuwa umekaa siku tatu, na padri alikuwa na vigango vingine, makanisa madogo ya vijijini, vinamngoja. Nilijua hata siku ile. Lakini na wewe, Damasi, ulimi wako ni wembe. Ungeweza kulisema polepole.

Ujumbe wako niliupata, kwamba mahindi yakishavunwa mtaweka msalaba na kusakafia kaburi. Nilinyamaza makusudi, ukome. Sasa nakujibu: nakuja. Mwambie fundi aache sehemu upande wa kichwa cha mama, upana wa ungo, asiweke saruji mpaka nifike. Nataka nitupe udongo wangu kwa mkono wangu. Na wewe usimame karibu, maana goti hili likishapiga chini halinyanyuki peke yake.

Nisalimie wifi, nimemwekea kanga mbili, asizitangaze. Nisalimie katekista wa kigango, yeye peke yake alinisindikiza mpaka barabarani siku ile, wala hakunihubiria. Na mama mkwe wako, huyo bibi kizee mwenzangu, mwambie niko hai, asikikalie kiti changu kanisani.

Neema anauliza kama kuna jambo lingine. Liko. Siku nikishuka stendi hapo Songea, usiniombe radhi mbele za watu, na mimi sitakuomba. Tutaaibishana bure, sisi hatujui kuigiza. Pokea kikapu, halafu uniulize kama nimekula.

Nitakuwa sijala.

Ni mimi dada yako,
Kolastika

(Hilo doa la wino hapo chini ni dole gumba langu, si uchafu.)