Mwepesi Ndiye Anashuka

Mke mwenzangu Zawadi,

Kalamu siijui, mjukuu wangu. Nasema, mama yako anaandika. Nimemkataza kupunguza neno, hata likimchoma.

Tangu kisima tunachochimba mchangani mto ukikauka kikufukie kule mtoni, sijalia. Wenzangu walilia, mimi nilikoroga uji wa msiba. Moyo umekufa ganzi. Upo, ila hausikii.

Sauti zangu unazijua. Wewe pekee hukuziogopa. Asubuhi ulinipa shikamoo, kisha ukauliza, "Na hao wa kichwani wameamkaje?" Nikikwambia wanagombana, unacheka, unaniletea vidonge.

Ulipoondoka likaja jingine. Nikifumba macho naona mchanga unaporomoka. Ndoo ikigongwa naruka. Kliniki wakasema ugonjwa umepanda, wakaongeza dawa. Nikalala kama gogo, mchanga ukanifuata usingizini. Ukishaitwa kichaa, hata kufiwa kwako wanakuita kichaa.

Ndipo akaja muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia naona mchanga, na kwamba mimi ndiye niliyekuua, maana nilikutuma ushuke. Hakubisha. Dawa zangu niliendelea nazo, lakini kila wiki alitaka nisimulie siku ile tangu asubuhi. Nikitetemeka tunapumzika, kisha tunaendelea. Halafu lile wazo langu tukalipepeta kama mtama.

"Kwenu kisimani anashuka nani?"

Nikamwambia mwepesi ndiye anashuka, kingo zisibomoke. Mzito anabaki juu kupokea ndoo.

"Wewe ulipokuwa mwepesi, nani alibaki juu?"

"Mama yangu."

"Alikutuma ukafe?"

Nikaaga, nikarudi nyumbani. Njiani nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: siku ile ulishuka unanitania. "Bibi, ukishuka wewe tutachimba kisima kingine cha kukutolea." Nikakutukana, tukacheka wote wawili. Kumbe uliondoka unacheka.

Muuguzi akanipa kazi ya kuusogelea mto kidogo kidogo. Woga ukija nisikimbie, nisimame hapo mpaka ushuke. Mama yako akawa ananisindikiza. Leo tumefika ukingoni. Sauti ikaanza: umemuua, umemuua. Nikaijibu kwa mdomo, wateka maji wakisikia, kwamba mwepesi ndiye anashuka. Haikunyamaza, imenung'unika tu. Na inung'unike.

Babu yako, mume wetu, hajambo. Anasema ugali wako ulikuwa bora kuliko wangu. Nimemwambia ale anachopewa.

Maji ya mto ule yalikuwa hayajapita kooni mwangu tangu siku ile. Leo mama yako ameteka, akanipa kikombe, nikanywa. Yana chumvi vilevile, kama ulivyokuwa ukiyalaumu. Machozi bado, mke mwenzangu. Ila chumvi nimeisikia.

Lala, nipo juu hapa.

Bibi yako