Siku Mgombea Alipovua Viatu

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Nuu tuko salama, na mvua imenyesha! Umeniuliza utamjuaje mwanasiasa anayejali matibabu yetu. Wacha nikwambie.

Nikiwa na mimba ya baba yako, mgombea mmoja alikuja sokoni kutuahidi barabara. Nikasimama na tumbo langu.

"Mheshimiwa, nitajifungulia wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kwani mama, huwa mnaenda wapi?"

"Twende nikuonyeshe."

Tukatembea juani hadi dispensari ya mbali, soko zima likitufuata. Alifika viatu mkononi. "Hapa ni mbali mno," akasema.

Tukampigia kura, naye akajenga. Shangazi yako alizaliwa kwenye dispensari yetu wenyewe, nami nilipiga vigelegele kabla mtoto hajalia!

Mgombea wako naye muulize mtatibiwa wapi, kisha uangalie kama atainuka kwenda kujionea mwenyewe.

Ni mimi susu yako, ninayekuombea.