Mkwe Wangu Ndiye Fundi, na Kompyuta Yangu Imezima

Likuyani, 23 Novemba 1997

Mpendwa Senge Mideva,

Naomba unisaidie, na ninaomba nikiwa mtu mzima, kwa maana mimi si msichana wa kukuandikia habari za mvulana aliyeniacha, mimi ni afisa wa kilimo hapa Likuyani, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kazini, nimefundisha akina mama kupanda mahindi kwa mistari kutoka huku mpaka Kabras, na safu yako ya senge, yaani shangazi, ninaisoma gazetini kila Jumamosi, mara nyingi nikiwacheka wanaokuandikia, na sikujua kwamba siku moja nitashika kalamu mimi mwenyewe.

Senge, mwaka jana mradi wa mbegu ulinipa kompyuta, si ile kubwa ya kuwekwa ofisini, hapana, ile ya kukunja kama kitabu ambayo wenyewe wanaiita laptop, na katika maafisa wote wa kilimo wa upande huu tuliopewa tulikuwa watatu, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Siwezi kuficha kwamba nilijivuna. Niliipeleka kanisani ikaombewa. Nilifuma kitambaa cha kuiwekea chini na kingine cha kuifunika juu, vya uzi mweupe wenye maua ya waridi pembeni, na hata nilipokuwa nikiandika niliifunika ile sehemu ya nyuma yenye matundu ili vumbi lisiingie, na wageni wakija niliiwasha hata kama sina kazi nayo ili waione ile taa ya kijani. Ndani yake nimeweka rekodi za mashamba mia moja na arobaini, misimu mitatu, nani alipanda mbegu gani, alivuna vipi, fukusi walikula kiasi gani, zote nimezihamisha kutoka kwenye madaftari kwa vidole vyangu hivi viwili, na nilipomaliza madaftari nikayaacha stoo, mchwa wakayamaliza. Ripoti hiyo ndiyo itakayosema akina mama wapewe mbegu ipi kabla ya mvua ya Machi.

Basi mwezi uliopita mashine ikaanza kunguruma, kisha ikawa inachemka mpaka siwezi kuiweka mapajani, kisha ikawa inajizima katikati ya sentensi, na wiki mbili zilizopita ilizima na haijaamka mpaka leo. Nikaisoma ile karatasi ya waranti iliyokuja nayo, inasema kampuni itaitengeneza bure mpaka tarehe kumi na mbili Desemba, ilimradi isiwe imefunguliwa na mtu asiye na muhuri wa kampuni, tena mwenye mashine lazima awepo mwenyewe, aonyeshwe ile stika ya chini kabla haijabanduliwa, na atie sahihi mbele ya fundi. Nikawapigia watu wa mradi Nairobi, nikaambiwa nisihangaike na safari, fundi mwenye muhuri yupo hapo hapo Kakamega mjini, ni mmoja tu upande wote huu, nikauliza anaitwa nani, na nilipotajiwa nikaiweka simu chini bila hata kuaga.

Fundi huyo ndiye aliyemwoa binti yangu wa kwanza, Naliaka.

Senge, wewe ni wa huku, mambo ya ukwe unayajua. Mimi na yeye hatupeani mkono, hatukai meza moja, hatutazamani tukila, miaka sita sasa. Akija kwangu anakaa sebuleni na mimi ninabaki jikoni, na tukikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Mwezi wa Juni nilimwona akiingia ndani ya shamba la mahindi la watu, mvua ndiyo kwanza imekatika, naye amevaa shati jeupe, akasimama humo akanipa mgongo mpaka nikapita. Sasa nitaketije naye mbele ya mashine moja, vichwa vimekaribiana, tukitazama stika, mimi kiongozi wa akina mama kanisani, na watu wanaona?

Na kuna jambo jingine lazima niliseme maana nimeamua kusema yote. Sikumtaka. Naliaka amesoma, nilitaraji ataniletea wakili au hata mwalimu wa sekondari, akaniletea kijana aliyekuwa akitengeneza redio kwenye barabara ya Mumias, nikamwita mtu wa bisibisi, tena mbele ya shangazi za binti, na nadhani neno lilimfikia. Hata hivyo blanketi la mama mkwe alilileta mwaka wa pili, nalo sikulikataa, liko kabatini, bado limo ndani ya nailoni yake, lakini ile siku ya kukaa pamoja na kuondoleana haya sijaipanga, kazi ni nyingi, nikimaliza msimu mmoja mwingine umeanza.

Kwa hiyo nikafanya ujinga. Niliifunga mashine kwa shuka nikaipeleka kwa Osundwa, fundi wa redio hapa sokoni, mtu mwaminifu kabisa, nikamwambia afungue tu atazame. Akalegeza skrubu moja kisha akaiona ile stika, akaweka bisibisi chini, akasema, "Madam, mimi natengenezanga redio. Hii naweza fungua, lakini kufunga siwezi ahidi." Nikakaza uso nikaichukua nikarudi nayo nyumbani. Stika iko nzima, ila ile skrubu imebaki na alama, na sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe.

Juzi nilikuwa na mkutano Kakamega, na miguu ikanifikisha kwenye mtaa wa lile duka. Sikuingia. Nilisimama upande wa pili, karibu na mwuza viazi, nikatazama kupitia kioo. Watu wamejaa kwenye benchi wanamsubiri, daktari mmoja na koti lake jeupe amepakata mashine yake kama mtoto mgonjwa, na mkwe mwenyewe mkono wa kushoto amefungwa waya, na waya umefungwa mezani. Senge, moyo ulinishtuka, nikadhani mwenye duka amemfunga asije akatoka na vifaa. Nikampigia Naliaka kumwuliza, akacheka mpaka nikakasirika. Akasema, "Mama, duka ni yake. Hiyo waya ni ya kutoa umeme ya mwili. Leta hiyo mashine, ama itakufia juu ya hivyo vitambaa vyako."

Zimebaki siku kumi na tisa. Je, nimpe Naliaka aipeleke aseme ni yake? Nimrudishie Osundwa amalizie? Au nikae nayo hivyo hivyo, rekodi zipotee, niwaambie akina mama wapande kwa kubahatisha? Niambie la kufanya, lakini tafadhali usinitaje jina.

Mama Mkwe,
Likuyani

SENGE MIDEVA ANAJIBU

Mama Mkwe,

Jina lako sitalitaja, ingawa kama kweli ulitaka kujificha usingeniambia kwamba mwanamke mwenye hiyo mashine upande wote huo ni wewe peke yako. Pole kwa yaliyokupata. Barua yako imenifikia zikiwa zimebaki siku kumi na tatu, kwa hiyo tuanze na mashine.

Nilimpigia mtu anayezijua kompyuta hizi, sikumwambia ni ya nani, nikamsomea dalili ulizoandika. Akauliza, "Huyo mama aliifunika na nini?" Ndani ya mashine yako kuna feni, na feni inatoa joto kupitia yale matundu ya nyuma. Wewe uliyaziba kwa maua ya waridi. Ikanguruma kwa kukosa hewa, ikachemka, na mwisho ikawa inajizima yenyewe isije ikaungua, na wewe ukazidi kuifunika. Toa vitambaa vyote uviweke kwenye makochi, huko ndiko kwao. Mashine ikae juu ya meza ngumu, tupu, mbali na magunia ya mahindi na dawa ya fukusi.

Usiiwashe tena kujaribu kama imeamka. Chomoa waya wa umeme, toa betri kama kitabu chake kinavyoonyesha, kwa kuwa betri inatoka kwa mkono na haivunji waranti. Stika usiiguse, wala usiisugue ili ing'ae, maana nimeshakujua. Kwa Osundwa usirudi. Tena huyo Osundwa nampa heshima yake hapa gazetini. Alifika mahali asipopajua akaweka bisibisi chini, na wapo wengi mijini wenye vyeti ukutani ambao wasingeiweka.

Naliaka naye usimtume. Karatasi imesema mwenye mashine, na mwenye mashine ni wewe. Unataka binti yako akamdanganye mume wake, juu ya meza yake ya kazi, kwenye fomu ambayo ikigundulika ni ya uongo kampuni inamnyang'anya muhuri? Ulishamwita mtu wa bisibisi. Sasa unataka awe tapeli pia?

Kuhusu ile skrubu, iseme wewe mwenyewe kabla hajaigeuza mashine. Stika ikiwa nzima kuna matumaini makubwa mashine yako itakubaliwa, naye ataandika alivyoikuta. Ukinyamaza ataiona, kwa sababu alama ya bisibisi isiyolingana na skrubu yeye huiona upesi kuliko wewe unavyomwona fukusi kwenye punje. Hapo itabidi achague kati ya muhuri wake na mama wa mke wake. Usimweke mahali hapo.

Mwambie pia, tena mapema, kwamba ndani kuna rekodi na hazina nakala. Najua utaona aibu, lakini sema. Waranti inalinda mashine, hailindi ulichoandika ndani yake. Kampuni inaweza kukupa mashine mpya ikaja tupu, na wewe ukashukuru huku unalia. Kwa hiyo kabla ya lolote aulizwe kama anaweza kuziokoa. Akiziokoa, nunua disketi, na kila Ijumaa unakili, moja ibaki ofisini na nyingine nyumbani mahali mchwa hawafiki. Wewe unayewaambia akina mama wasiweke mbegu yote katika gunia moja ulifanya hivyo hivyo na kazi ya misimu mitatu. Nimekasirika kwa niaba ya yale mashamba.

Na waya ule. Mwili wa mtu unabeba umeme kidogo ambao hata hausikii, lakini ukigusa kifaa cha ndani unaweza kukiua palepale. Waya unautoa. Hakuna aliyemfunga kijana yule, anajifunga mwenyewe kila asubuhi ili asiharibu mali ya mtu.

Sasa tuzungumze habari za ukwe. Mimi pia nina mkwe, na sitakwambia kwamba mila zetu ni upuuzi. Haya kati ya mama na mume wa binti yake imelinda nyumba nyingi. Lakini usinisomee nusu ya mila na nusu nyingine ukaificha kabatini. Wazee waliweka haya na wakaweka pia siku ya kuiondoa. Mkwe analeta blanketi, ingokho, kuku wa heshima, anachinjwa, shangazi wa binti anakaa katikati, mnapeana mkono, na tangu hapo mnaweza kukaa meza moja kwa heshima. Blanketi alilileta. Miaka minne limo kwenye nailoni, na wewe uliyefika mashamba mia moja na arobaini unaniambia hukupata nafasi. Hukutaka, mama. Ulimtukana kijana wa watu, kisha ukaitumia mila ili usilazimike kumtazama usoni. Katika barua yako umemtaja Naliaka, umemtaja Osundwa, hata mwuza viazi yumo. Mkwe wako hana jina.

Lakini sijamaliza. Hakuna aliyekutuma mtaa ule, mkutano wako haukuwa pale. Ulikwenda kumwona, ukaona watu wamejaa kwenye benchi, ukaona daktari anangoja zamu yake, na moyo wako ukajaa fahari, ndiyo maana uliniandikia kurasa nne badala ya moja. Hiyo fahari usiionee haya. Zamani mashine ikiharibika huku ilikuwa inapakiwa basi kwenda Nairobi, na wengine hawakuiona tena. Leo watu wanatoka Likuyani na Mumias kumfuata mume wa binti yako. Ningekuwa na mkwe wa aina hiyo, wasomaji wangu wangeshachoka kumsikia.

Basi fanya hivi. Jumapili hii waite shangazi za Naliaka, na umwite mkwe. Chana ile nailoni, ujifunike blanketi mbele ya watu hata kama jua linawaka. Pika obusuma, ugali wetu, na firigisi ya ingokho uiweke wewe mwenyewe kwenye sahani yake. Mpe mkono. Lile neno la bisibisi liombee msamaha kwa sauti ya kusikika, mbele ya shangazi wale wale waliolisikia. Jumatatu asubuhi ifunge mashine kwa shuka kavu, uende Kakamega, uingie mlangoni, ukae kwenye benchi pamoja na wengine. Usipite mbele ya mtu kwa sababu ya ukwe. Zamu yako ikifika, sema yote, tazama stika, tia sahihi.

Ukirudi nyumbani mpigie Naliaka. Habari za mashine usimpe, atakuwa ameshazipata kwa mumewe. Mwambie kwamba alichagua vizuri. Miaka sita anangoja kulisikia neno hilo kwako.

Senge Mideva