Kesi ya Baba Aliyerudi

Majengo, Mombasa
Ijumaa, baada ya sala

Mke wangu Halima, mama Rehema,

Assalaam alaykum. Mimi mwili wangu u salama, nakula, nalala, na kazi ipo. Hali yenu ndiyo sina uhakika nayo, maana kila nikipiga simu naambiwa "wote wazima," kisha simu anapewa kaka. Basi nijibu wewe mwenyewe: mguu wa mama umepungua uvimbe? Kikohozi cha Rehema kimekwisha? Mto umerudi mahali pake, au bado mnavuka maji kwenda shambani?

Nimeandika barua kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya watu wote. Nikikutumia ujumbe wa sauti, unasikilizwa uani na kila aliyepo, kaka akiwa wa kwanza. Barua hii nampa rafiki yako Mwalimu Zeinabu, aliyekuja huku kwa semina ya walimu. Ameahidi kuitia mkononi mwako wewe, si mtu mwingine. Isome peke yako kwanza. Baadaye ukitaka, msomee kaka. Hamna neno humu ninalolionea haya.

Najua ulivyoambiwa. Umeambiwa kwamba mumeo, mtu mzima mwenye ndevu, kila jioni akitoka kazini huenda Mji wa Kale kutazama tamthilia za wanawake, na kwamba alionekana akilia. Aliyewaletea habari hiyo hakusema uongo. Nilitazama na nililia. Nilifuta macho kwa kofia mbele ya watu wanane. Wenzangu wa kazini huko Shimanzi nao wamesikia, na nikiingia godauni asubuhi huniuliza kama nimebeba leso. Nawaambia nimebeba mbili, mwenye shida aje achukue moja. Lakini wewe nataka uijue habari yote, kwa mpangilio.

Unakumbuka kabla ya Idi nilikwambia nashonesha kanzu. Fundi wangu ni Mzee Athmani, mwenye duka dogo katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale. Ana televisheni ameiweka juu ya rafu, akaielekeza mlangoni. Upande wa pili wa kichochoro ni nyumba ya Bi Saumu, anayeuza viazi vya rojo na bajia. Kichochoro ni chembamba, mtu akinyoosha mkono huku na mwingine kule wanapeana chumvi. Basi wanaume tunakaa baraza ya fundi, wanawake wanakaa baraza ya Bi Saumu, na wote tunatazama televisheni moja. Saa kumi na moja jioni mwenye mkokoteni akitaka kupita, husubiri matangazo.

Na hatutazami tu. Sehemu ya siku hiyo ikiisha, Fundi Athmani huzima sauti, hugonga meza kwa mkasi na kusema, "Kesi!" Hapo hujadiliwa aliyekosa na aliyekosewa. Upande huu husema, upande ule hujibu, na mwisho fundi hutoa hukumu. Siku ya kwanza nilikuwa nimesimama na kanzu yangu isiyo na mikono, nasubiri, nikaanza kuandika yanayosemwa katika shajara yangu. Unajua mimi, tangu nimalize kidato cha nne siku haipiti bila mstari wake. Fundi akaniona.

"We waandika nini?"

"Naandika hukumu, mzee."

"Alhamdulillahi, tumepata karani. Kaa."

Ndivyo nilivyoanza, Halima. Mchana kucha nasimama mlangoni mwa godauni naandika magunia yanayoshuka kwenye lori. Jioni naandika maneno ya watu. Sioni ni lipi kati ya hayo mawili la kuchekwa.

Tamthilia yenyewe yaitwa Mgeni wa Nyumba Yake. Kuna mtu anaitwa Nadhir, alikwenda kufanya kazi melini binti yake Salha akiwa anatambaa. Akawa anatuma vitu: friji, makochi, magauni. Anaporudi, Salha amekwisha kuposwa, siku chache kabla ya nikaha. Baba anavaa kanzu mpya, anasema yeye ndiye wali, ndiye atakayemuoza binti yake. Salha anasimama mbele ya wazee na kusema, "Mjomba Faki ndiye aliyenilea. Asimame yeye."

Siku hiyo kichochoro kilitaka kupasuka. Salimu, kijana wa tuktuk, alisema msichana hana adabu. Wanawake wakamzomea mpaka akahamisha kiti. Nami, mke wangu, sikuandika tu siku hiyo. Niliinuka kumtetea Nadhir. Nilisema mtu yule hakuwa akicheza huko. Nilisema jasho ndilo lililojaza nyumba ile, na kwamba mtoto anayekataa baba aliyemhangaikia anahitaji kufundishwa. Nilisema kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikujua ninayo.

Bi Saumu alikuwa akigeuza bajia. Hakuinua hata kichwa.

"Kwa hivyo Salha aishukuru friji?"

"Amshukuru aliyeinunua!"

"Basi friji ndiyo isimame iwe wali. Imekaa na mwana miaka yote ile, babake hakukaa."

Walicheka pande zote mbili. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilipandwa na hasira, na Bi Saumu akaiona.

"Sikiza, karani. Yakuchoma nini haya? Una mwana wa kike?"

"Ninaye. Rehema. Ana miaka sita."

"Wamuona lini?"

"Kila Idi, nikipewa likizo. Nina daftari, naweza kukwambia mpaka saa niliyofika."

"Haya, tusomee."

Nilifungua kwa majivuno, kama mtu anayetoa ushahidi wa kumaliza kesi. Nikasoma: Alhamisi, nimefika nyumbani baada ya adhuhuri, basi limechelewa. Rehema amerefuka. Ijumaa, nimempa viatu, vimembana, vinakwenda kwa mtoto wa jirani. Jumamosi, Rehema amemuuliza mamake, "Yule mgeni anaondoka lini? Nataka kurudi kulala kitandani kwetu." Tumecheka sana.

Nilisoma kabla ya kufikiri. Nilipofika "tumecheka sana" niliangalia juu, na hakuna aliyecheka. Cherehani ya fundi ilikuwa imesimama. Bi Saumu aliipua karai motoni, akajifuta mikono, akaniambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Keti, mwanangu."

Hapo ndipo nilipolia. Aliyewaambia nililia kwa ajili ya tamthilia mwambieni arekebishe habari yake. Na jambo moja zaidi nataka kulisahihisha mbele yako. Shajara inasema tumecheka. Nimejaribu kukumbuka uso wako siku ile. Nadhani nilicheka peke yangu.

Hukumu ya Fundi Athmani nimeinakili kama alivyoitoa. Alisema: "Uwali ni wa baba, haki hiyo haimtoki. Lakini aweza kumpa mjomba wakala amuoze yeye. Mwenye haki ndiye wa kwanza kuomba. Nadhir amekuja na kanzu, hakuja na ombi. Hilo ndilo kosa lake."

Wiki iliyofuata nilitafuta chumba. Nimekipata hapa hapa Majengo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na jiko la pamoja uani. Sitakudanganya. Kuna joto, bati linawaka mchana. Maji ya mfereji hayaji kila siku, tutanunua kwa mikokoteni. Malori ya bandarini utayasikia mpaka uyazoee. Lakini chumba kina madirisha mawili, na chuo cha Kurani kiko kichochoro cha pili. Shule Rehema atakwenda kwa miguu nikiwa nimemshika mkono, kwa maana kazi yangu inaanza saa mbili. Bi Saumu nilimwambia juu ya vitumbua vyako. Alisema mtu mwenye mkono wa vitumbua hajampata tangu dada yake aolewe Malindi, na kwamba nikichelewa kukuleta atakuja kukuchukua mwenyewe.

Ndipo nilipompigia kaka kumwambia nataka mje mkae nami huku. Nakuandikia mazungumzo kama yalivyokuwa, kwa sababu najua wewe ulisimuliwa kwa namna nyingine.

"Fikra hizi umezipata wapi?" akaniuliza.

"Kichwani mwangu."

"Kichwani, au kwenye tivii?"

"Kwenye tivii zilianzia, ndiyo."

"Aibu gani hii! Mtoto wa Mzee Buya anaongozwa na waigizaji!"

"Kaka, wewe mwaka jana uliahirisha kuvuna kwa sababu ya mpira wa redioni. Wanaume ishirini na wawili walikuongoza, na hatukukwambia neno."

Kisha akasema mji unaharibu wanawake. Nikamwambia mji nimekaa mimi miaka saba, mbona hakuniuliza kama umeniharibu? Akasema nani atamtazama mama. Nikamwambia mama ana watoto wanne, na mkubwa wao anakaa hatua hamsini kutoka mlangoni pake. Nikasema pia kwamba mama akitaka kuja nasi chumba kinatosha, aulizwe mwenyewe. Halafu akasema, "Na shamba la mpunga je?"

Hapo nilimwelewa. Hakuuliza Rehema atasoma wapi. Hakuuliza wewe wataka nini. Aliuliza nani atapanda mpunga. Nilimwambia, kwa heshima yake yote kama mkubwa wangu, kwamba sikumuoa mke kwa ajili ya shamba lake. Akakata simu. Tangu siku hiyo ndio hizi salamu za "wote wazima."

Namheshimu kaka. Alinilipia mtihani wa kidato cha nne, na hilo nimeliandika pia wala sijalifuta. Lakini katika hili sirudi nyuma, na akiitisha kikao cha ukoo nitakuja kusema maneno haya haya, na shajara nitakuja nayo.

Tamthilia ilimalizika Jumatano. Najua utauliza imeishaje. Nadhir alianguka ghafla, akapelekwa hospitali. Salha alikimbia mpaka kitandani, akapiga magoti, akasema "baba nisamehe mimi." Muziki ukapanda. Kesho yake baba amepona kabisa, amemuoza, wote wanakula biriani.

Nilidhani watu watafurahi. Baraza zote mbili zilikasirika. Bi Saumu alisema, "Mwana ndiye aombe radhi? Kakosa nini?" Salimu, yule yule wa tuktuk aliyekuwa upande wangu, alisema mwandishi amechoka akataka kwenda kulala. Mama mmoja akasema ugonjwa wa Nadhir ni wa kuazima. Fundi aligonga meza kwa mkasi, akaniambia, "Andika, karani. Mahakama hii imeukataa mwisho huu." Nikaandika, nikapigia mstari. Mtoto hakuwa na deni la kuomba msamaha. Baba ndiye aliyekuwa na ombi la kupeleka, na mwandishi akamlaza hospitali ili asilipeleke.

Mimi mzima, Halima. Sina ugonjwa wa kukuhurumisha. Kwa hivyo ombi nalileta kwa miguu yangu.

Siji kukuamuru. Ningeweza kukutumia nauli tu na kusema "njoo," na kwetu hakuna ambaye angeniona nimekosea, isipokuwa kaka. Lakini ningekuwa nimevaa kanzu ya Nadhir. Nakuuliza: wataka kuja kuishi nami? Ukiwa hutaki, au ukiona si wakati wake, sema. Na Rehema naye umuulize, kwa maneno yake mwenyewe, kama yuko radhi mgeni huyu akae naye siku zote.

Ndani ya bahasha nimetia karatasi moja nyeupe, haina mistari. Viatu vya mwaka juzi vilimpwaya, vya Idi vikambana. Mimi nimekisia mara mbili na mara zote nimekosa, kwa kuwa sijui mguu wa mwanangu ukoje. Kama mnakuja, msimamishe Rehema juu ya karatasi hiyo, uzungushe kalamu kuanzia kisigino, kidole kwa kidole. Mpe Mwalimu Zeinabu, atamkabidhi kondakta wa basi, nami nitaipokea stesheni. Nitanunua viatu, nitakuja navyo, na tutaondoka pamoja mchana, mbele ya watu wote, mizigo ikiwa juu ya vichwa vyetu. Kama hamji, irudishe nyeupe vile vile. Nitaelewa, sitakulaumu, wala sitamuuliza kaka sababu.

Mama mpe mkono wangu na umwambie dawa ya kuchua nimempa mwalimu, apakae akiwa ameketi, asisimame. Wake wa kaka wasalimie wote wawili, hawajanikosea chochote. Jirani ambaye mtoto wake amevaa viatu vya Rehema mwambie vimtunze. Kaka naye msalimie. Mwambie mdogo wake bado anatazama tamthilia. Mpya inaanza Jumatatu, na kiti changu kiko pale pale.

Rehema usimpe salamu kutoka kwa baba. Mwambie tu kuna mtu Mombasa anaulizia mguu wake.

Mumeo anayesubiri karatasi,
Maro