Mgeni Aliyewekewa Sahani

Kijiji cha Nakorolevu,
Ra, Fiji.
13 Januari 2025

Mpendwa shemeji Apenisa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Na mgongo wako nao haujambo? Tumesikia huko Queensland unachuma nyanya ukiwa umeinama kutwa nzima. Nilicheka mpaka mke wangu Vasiti akanikemea, maana hapa hata kuokota nazi ulitaka ushikiwe kiuno. Sisi ni wazima. Magimbi yamestawi, na kimbunga walichotutishia kilipita mbali, Mungu ashukuriwe.

Najua umekasirika. Ujumbe wako ulinifikia: binti yako Mila amekufungia namba, wewe baba yake mzazi. Tafadhali keti kwanza, nikueleze. Barua hii naituma kwa mkono wa Semisi, anayekuja huko kwenye mavuno, kwa sababu mtandao wetu ungeikata habari katikati.

Kama unavyojua, Mila yuko kwetu likizo yote, mama yake akiwa kazini Suva. Hapa kijijini simu zinashika mtandao sehemu moja tu, kwenye ngazi za kanisa. Tangu shule zifungwe watoto wanashinda pale. Mchungaji analalamika kwamba hajawahi kuwa na waumini wengi hivyo nje na wachache hivyo ndani. Sisi tulifurahi. Mtoto yuko kwenye ngazi za kanisa, utaogopa nini?

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, Vasiti alipika samaki wa nazi. Mila akatandika, akaweka sahani moja zaidi.

"Hii ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mgeni wangu, Setareki. Yuko njiani."

"Setareki wa nani?"

"Wa kwenye mchezo wa simu, mjomba. Ana miaka kumi na miwili, kwao Labasa. Kaniuliza tunakaa wapi, nikamwambia nyumba ya kijani nyuma ya kanisa. Kaniuliza baba yupo, nikamwambia yuko Australia. Kasema nisiwaambie, lakini mgeni wa chakula unamfichaje?"

Shemeji, niliinuka pale pale. Na mtoto nitamlaumu vipi? Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba mtu akipita mlangoni wakati wa chakula sharti aitwe, aje kula. Kwamba simu nayo ina mlango, hakuna aliyemwambia.

Nilichukua panga nikaketi kizingitini, nikijifanya namenya magimbi. Lori la abiria likapita, likaja la pili, hakushuka mtu. Samaki akapoa. Vasiti akanitazama weee, kisha akasema, "Weka panga hilo, utajikata bure. Tangu lini mgeni kwetu anaingia bila kuulizwa?"

Alisema kweli. Hata wewe ulipokuja kumposa dada yangu ulisimamishwa nje na mzizi wako wa yaqona, kinywaji cha kuombea ruhusa, mkononi, ukataja kijiji chako na watu wako huku sauti ikitetemeka kama ya mbuzi. Sijasahau, na sitasahau.

Basi tukaenda watatu kwenye ngazi za kanisa, na Mila akaandika mwenyewe. Kijiji chako kipi? Likaja jibu: Labasa. "Labasa si kijiji, ni mji!" Mila akasema. Baba yako nani? Jibu: Maswali mengi ya nini, nitumie picha yako kwanza, ukiwa peke yako. Mila akaandika la mwisho: Wewe ni vasu wa wapi?

Jibu likaja: Vasu ndiyo nini?

Mtoto wa Kifiji asiyejua kwamba kila mtu ni vasu wa ujombani kwake, kijiji cha mama yake! Mila aliiweka simu chini kama kaa la moto. "Mjomba," akasema, "huyu si mtoto." Kisha akaanza kulia.

Hatukumfokea. Nilimwambia amefanya vema kuweka ile sahani mbele yetu, badala ya kunyamaza kama alivyoagizwa. Jumatatu tulikwenda polisi Rakiraki. Askari mmoja, mama mpole, alitukataza kufuta hata neno moja, akayanakili yote, akamwonyesha Mila namna ya kumfungia mtu namba. Bado wanamfuatilia.

Lakini unajua Mila alilia nini njia nzima? "Msimwambie baba. Atanichukulia simu, na baba mwenyewe namwona humo humo." Mimi mtu mzima nilijifanya naangalia miwa. Nikamwambia baba lazima ajue, ila nitamwombea. Ndilo ninaloomba sasa, shemeji, na mara hii sikutanii: usimchukulie. Tukimnyang'anya leo, kesho hataweka sahani, atamficha mgeni. Mama yake ameshakubali.

Siku hizi simu zote huingia kwenye kikapu cha Vasiti wakati wa kula na wa kulala. Yangu pia, na anayelalamika zaidi ni mimi. Mila amewafundisha watoto wote maswali yale. Hata kampuni ya simu ikituma tangazo, ngazi nzima inapiga kelele, "Vasu wa wapi?" Mchungaji alipoomba kuingia kwenye kundi lao la simu alihojiwa mpaka akataja bibi yake.

Ndipo ukatokea wewe, kwa simu ya rafiki, namba ngeni: Mila, ni baba, nitumie picha. Akakuuliza wewe ni vasu wa wapi. Wewe ukajibu, Usinichezee! Sasa ulitaka afanye nini? Alikufungia, akaja jikoni ameinamisha kichwa. "Mjomba, nilitamani sana awe ni baba kweli."

Jumapili hii piga. Namba amekwisha kuifungua. Ibada ikiisha atakuwa ngazini.

Vasiti anakusalimu, na dada yangu Sereana kutoka Suva anasema ule, usiishi kwa mikate. Wasalimie vijana wote wa kwetu ulio nao huko. Mungu akulinde wewe na huo mgongo, akurudishe tunywe yaqona pamoja.

Ni mimi shemeji yako, mtani asiyekuchoka,
Eroni

Baba, ni mimi Mila. Mjomba ameniachia nafasi hapa chini. Jumapili nitakuuliza wewe ni vasu wa wapi. Usinijibu kwa barua, mtu mwingine anaweza kuisoma. Nijibu kwa sauti yako.